Majibu ya Kipimo cha Jeni: Kazi ya Mshauri Kabla na Baada ya Kupima

SOMO LA AFYA KWA WAKAAZI

Siku hizi kipimo cha jeni kinaweza kununuliwa kama bidhaa nyingine yoyote. Mtu huagiza kisanduku kidogo kupitia intaneti, hutema mate ndani ya kichupa, hukituma maabara, na baada ya majuma kadhaa husoma majibu kwenye simu yake. Wapo wakaazi wanaoletewa visanduku hivyo na jamaa walio ng'ambo, na wapo wanaolipia kipimo cha DNA katika maabara ya kibinafsi mjini bila kuandikiwa na daktari. Katika safari hiyo yote, huenda mtu asikutane hata na mhudumu mmoja wa afya wa kumweleza anachopima na maana ya majibu atakayopata.

Hapo ndipo penye hatari. Majibu ya jeni hayafanani na majibu ya malaria, ambayo kwa kawaida mgonjwa humeza dawa siku 3 akapona. Jeni ambazo mtu amezaliwa nazo hukaa naye maisha yake yote, na majibu yake humgusa mama, baba, ndugu na watoto ambao hawakupimwa wala kuulizwa. Karatasi moja iliyosomwa vibaya imewahi kuvunja uchumba, kumfanya mke alaumiwe bure, au kumpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Baada ya somo hili, mkaazi ataweza:

- kueleza kile ambacho kipimo cha jeni kinaweza kusema na kile ambacho hakiwezi;
- kueleza kazi ya mshauri wa jeni kabla na baada ya kupima;
- kujua maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, na haki zake kuhusu data yake.

1. JENI NA KIPIMO CHAKE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna DNA, yaani maagizo ya jinsi mwili unavyojengwa na kufanya kazi. Maagizo hayo ni kama maandishi yanayotumia herufi 4 tu, A, C, G na T, na nakala moja kamili ina herufi takriban bilioni 3. Kipande cha maandishi hayo chenye kazi maalumu huitwa jeni. Kwa jeni nyingi, mtoto hupokea nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba.

Wakati mwingine herufi moja hubadilika. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote. Machache huleta ugonjwa moja kwa moja. Mengine huongeza tu uwezekano wa mtu kuugua, na hapo chakula, kazi, umri na mazingira pia huwa na usemi wake.

Vipimo vingi vya kujinunulia havisomi herufi zote. Huangalia mahali palipochaguliwa tangu mwanzo. Ni kama mwalimu anayekagua daftari kwa kufungua kurasa chache tu. Akikuta kosa, ana jambo la kufuatilia. Asipokuta, hawezi kuapa kwamba daftari zima halina kosa.

2. MSHAURI WA JENI NI NANI?

Wakenya wengi wanaufahamu ushauri nasaha kupitia huduma za HIV. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inataka anayepimwa apewe ushauri kabla ya kupimwa na baada ya kupimwa. Sababu yake ni wazi: majibu yakitolewa bila maelezo yanaweza kuumiza kuliko kusaidia.

Mshauri wa jeni hufuata njia hiyo hiyo. Jina la kazi hii lilianzishwa Marekani mwaka 1947 na mwanasayansi Sheldon Reed, na mwaka 1969 Chuo cha Sarah Lawrence katika jimbo la New York kilifungua masomo ya kwanza ya shahada ya uzamili ya fani hii. Afrika Kusini ina vyuo vikuu vinavyofunza washauri wa jeni. Nchini Kenya waliosomea fani yenyewe bado ni wachache, kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na washauri nasaha waliopata mafunzo.

Kazi ya mshauri ina sehemu 4.

Kwanza, kuuliza habari za ukoo. Kabla ya kugusa mate au damu, mshauri huchora mti wa ukoo: nani aliugua nini, akiwa na umri gani, na ni wa upande wa baba au wa mama. Mara nyingine mti huo peke yake huonyesha kwamba kipimo anachotaka mtu sicho anachohitaji.

Pili, kumwandaa anayepimwa. Mshauri humwuliza: Unataka kujua nini? Majibu yakiwa hivi utafanya nini, na yakiwa vile utafanya nini? Je, kuna jambo ambalo ungependa usilijue? Mtu ana haki ya kusema hapana hata baada ya kufika mlangoni mwa maabara.

Tatu, kusoma majibu na kuyapa maana. Mshauri hueleza kama majibu yanahitaji kuthibitishwa kwa kipimo kingine, na hugeuza asilimia kuwa lugha ya kawaida.

Nne, kuwafikia wengine wa ukoo. Humsaidia mtu kuamua nani aambiwe, kwa maneno gani na lini, bila kumlazimisha.

Kuna jambo ambalo mshauri hafanyi. Hamwamulii mtu aoe, asioe, azae au asizae. Huweka mambo mezani, mwenyewe akachagua.

3. FUNZO KUTOKA MAREKANI

Historia ya visanduku hivi nchini Marekani inaonyesha kwa nini mshauri anahitajika. Kampuni ya 23andMe, iliyoanzishwa California mwaka 2006, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwauzia watu kipimo cha mate moja kwa moja. Mnamo Novemba 2013, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiandikia ikiitaka iache kuuza taarifa za hatari ya magonjwa ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Hofu ilikuwa kwamba mtu angeweza kufanya uamuzi mkubwa, hata wa upasuaji, kwa kutegemea majibu yenye kosa. Mwaka 2017 kampuni iliruhusiwa kutoa taarifa za hatari ya magonjwa kadhaa, na Machi 2018 ikaruhusiwa kutoa taarifa kuhusu mabadiliko 3 katika jeni za BRCA1 na BRCA2.

Jeni hizo zinahusiana na saratani ya matiti na ya ovari. Kati ya wanawake 100 wenye badiliko lenye madhara katika moja ya jeni hizo, takriban 70 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Ni habari nzito. Lakini mabadiliko yanayojulikana katika jeni hizo ni zaidi ya 1,000, na yale 3 yaliyoidhinishwa hupatikana hasa miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki na ya Kati. Kwa watu wengine ni nadra sana.

Mwanamke wa Kenya akiletewa kisanduku kama hicho, kisha asome kwenye simu kwamba mabadiliko hayo 3 hayakuonekana, hajaambiwa kwamba yuko salama. Ameambiwa tu kwamba kurasa 3 zilifunguliwa, nazo ni kurasa ambazo kwa mtu wa asili yake ni nadra kuwa na kosa. Ikiwa mama yake na shangazi yake waliugua saratani ya matiti wakiwa na umri mdogo, anahitaji kumwona daktari vilevile. Akiacha kuchunguzwa kwa sababu ya majibu hayo, kipimo kitakuwa kimemdhuru.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulichunguza upya sampuli za watu 49 ambao data yao ghafi kutoka vipimo vya kujinunulia ilionyesha mabadiliko ya jeni. Asilimia 40 ya mabadiliko hayo hayakuthibitishwa maabara ya kitabibu ilipoyapima upya. Hii ndiyo sababu mshauri husema: kipimo cha kujinunulia kikionyesha jambo la hatari, hatua ya kwanza ni kupima tena mahali panapotambulika, kabla ya kutibiwa na kabla ya kutangazia ukoo.

Lipo pia tatizo la asili. Sehemu kubwa ya watu waliochunguzwa katika tafiti za jeni duniani ni wenye asili ya Ulaya. Kwa hivyo makadirio ya hatari ya kisukari, moyo au saratani yanayotolewa na visanduku hivyo huenda yasimfae Mwafrika kama yanavyomfaa Mzungu.

4. MFANO WA KARIBU: SELIMUNDU

Kipimo cha jeni kinachowahusu zaidi wakaazi wa kaunti nyingi za Kenya ni cha ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Ugonjwa huu huonekana zaidi magharibi mwa nchi, eneo la Nyanza na pwani, yaani sehemu ambazo malaria imekuwepo kwa vizazi vingi. Uhusiano huo si wa bahati. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo si kamili. Neti bado ni lazima.

Hali za kawaida ni 3. Mwenye AA hana jeni ya selimundu. Mwenye AS amebeba nakala moja, na kwa kawaida haugui. Mwenye SS ana nakala mbili na ana ugonjwa wenyewe: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara.

Ili kuelewa jinsi jeni inavyorithiwa, chukua mfano wa punje za mahindi. Baba mwenye AS ameshika punje mbili, moja nyeupe (A) na moja ya njano (S). Mama mwenye AS naye ameshika punje mbili kama hizo. Kila mmoja, akiwa amefumba macho, humpa mtoto punje moja. Uwezekano ni huu:

- nyeupe mbili, yaani AA: asilimia 25;
- nyeupe na njano, yaani AS: asilimia 50;
- njano mbili, yaani SS: asilimia 25.

Wengi hukosea hapa. Asilimia 25 haimaanishi kwamba katika watoto 4 mmoja tu ndiye atakayeugua. Kila ujauzito ni kufumba macho upya. Familia moja inaweza kuwa na watoto 4 wasio na ugonjwa, na nyingine ikawa na wagonjwa 3. Mzazi mmoja akiwa AA na mwingine AS, hapatarajiwi mtoto wa SS, ingawa nusu ya uwezekano ni kwamba mtoto atabeba jeni.

Kipimo chenyewe pia kina mipaka yake. Kipimo cha haraka kinachochanganya damu na dawa huonyesha tu kama himoglobini ya selimundu ipo. Hakitofautishi AS na SS, wala hakitegemewi kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Mtu anaweza kuambiwa "umepatikana na siko seli" ilhali ni mbebaji tu asiye na ugonjwa. Kipimo kinachotofautisha hali hizo hutenganisha aina za himoglobini kwa nguvu za umeme, nacho huitwa elektroforesi. Swali la kwanza la mshauri kwa mwenye karatasi ya majibu huwa: ulipimwa kwa kipimo gani?

Wachumba wote wawili wakiwa AS

Baadhi ya wachumba huenda kupimwa kabla ya harusi, wakarudi na karatasi mbili za AS. Huko nyumbani ushauri huwa ni mmoja: achaneni. Mshauri hasemi achaneni, wala hasemi oaneni. Huwaeleza uwezekano kwa kila ujauzito, huwaeleza maisha ya mtoto mwenye ugonjwa yalivyo kwa kweli, na gharama zake. Huwaeleza pia kwamba mtoto akipimwa mapema baada ya kuzaliwa huweza kuanzishiwa penisilini ya kuzuia maambukizi, chanjo, kinga dhidi ya malaria, na baadaye dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Wakishajua hayo yote, uamuzi ni wao wawili.

Mtoto akizaliwa na SS

Mara nyingi lawama humwangukia mama. Husemwa damu ya kwao ni mbovu, au familia yake imerogwa. Mti wa ukoo huondoa lawama hiyo: kwa kawaida mtoto wa SS amepokea nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyechagua punje aliyompa mtoto.

Hali ngumu zaidi hutokea baba akiwa na karatasi inayosema AA. Hapo shutuma za uzinzi huanza, na wengine hukimbilia kununua kipimo cha DNA cha kutambua baba wa mtoto. Mshauri huwataka watulie na wapange maswali sawasawa. Je, baba alipimwa kwa elektroforesi, au aliambiwa tu kwa mdomo? Je, sampuli zilichanganyika? Je, mmoja wa wazazi amebeba badiliko jingine la himoglobini, kama thalasemia, ambalo likikutana na jeni ya selimundu huleta ugonjwa unaofanana na SS? Mambo hayo huchunguzwa kwanza, kwa kupima upya wazazi wote wawili na mtoto. Ndoa nyingine ingepona kwa kipimo hicho cha pili.

5. MAJIBU YA MMOJA, SIRI YA WENGI

Mtu anapotuma mate yake, hutuma pia sehemu ya habari za ndugu zake. Kipimo cha asili ya ukoo kinaweza kumwonyesha mtu ndugu wa kambo asiyemjua, au kwamba aliyemlea si baba yake wa kumzaa. Mshauri huuliza kabla ya kupima kama mtu yuko tayari kwa habari ya namna hiyo. Baada ya majibu kusomwa, haiwezekani tena kutojua.

Data yenyewe pia inahitaji kulindwa. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamefikia habari za wateja takriban milioni 6.9. Machi 2025 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwanasheria mkuu wa jimbo la California akawakumbusha wateja haki yao ya kutaka data yao ifutwe. Neno la siri la benki likiibwa, hubadilishwa. Jeni haibadilishwi.

Nchini Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ikiwemo habari za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaja data ya jeni kuwa miongoni mwa data nyeti. Mwenye data ana haki ya kujulishwa itatumiwa vipi, kuiona, na kutaka ile ya uongo au ya kupotosha irekebishwe au ifutwe. Malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

6. HATUA ZA KUFUATA

Kabla ya kulipia kipimo chochote cha jeni, wakaazi wanashauriwa kuuliza:

- Kipimo hiki kinatafuta nini hasa, na kinaacha nini?
- Kitathibitishwa wapi kikionyesha tatizo?
- Nani atanieleza majibu, na je, ada yake imo katika bei?
- Sampuli na data yangu vitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na vitapewa nani?
- Kama kipimo ni cha mtoto, je, kina faida kwake sasa, au kinaweza kungoja akue ajiamulie?

Aliye na majibu tayari asiyachane wala asiyasambaze kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ayapeleke pamoja na kijitabu chake cha kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu, aombe kuelezwa, na kama ni lazima apewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa ya kaunti. Asiache dawa wala asianze dawa kwa sababu ya kipimo cha kujinunulia. Kwa kesi ya mahakamani, kipimo cha nyumbani huenda kisikubaliwe, kwa kuwa hakuna shahidi wa kuthibitisha sampuli ilitoka kwa nani.

Familia yenye mtoto mwenye selimundu iulize juu ya kupimwa kwa ndugu wengine. Wachumba waende pamoja, si mmoja mmoja, ili maelezo wayasikie kwa masikio yao wote wawili.

7. MASWALI YA KUJADILI BARAZANI, CHAMANI AU DARASANI

1. Mwanamke ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya matiti amepata majibu ya simu yasemayo "hakuna badiliko lililoonekana". Kwa nini bado anahitaji kumwona daktari?

2. Baba ni AS na mama ni AS. Mtoto wao wa kwanza ni SS. Je, wa pili hana hatari tena? Elezeni kwa kutumia punje za mahindi.

3. Mkwe anamlaumu mke wa mwanawe kwa ugonjwa wa mjukuu. Mhudumu wa afya ya jamii amwambie nini?

4. Ndugu mmoja anataka kupima jeni na mwingine hataki kujua. Familia ifanyeje ili haki ya kila mmoja iheshimiwe?